Msiifue Kofia Hiyo

Mhadhara kwa wakazi wa Nachingwea na Ruangwa juu ya kofia za zamani za kijeshi

 

Nianze na ombi, kisha nieleze kwa nini naliomba. Kama nyumbani kwenu kuna kofia ya kijeshi ya babu au ya bibi, iwe kwenye sanduku la bati, juu ya dari la jiko au nyuma ya mlango, msiifue. Msiipige pasi, msiipake dawa ya viatu, wala msiisugue nembo yake kwa majivu na ndimu mpaka ing'ae. Iacheni kama ilivyo hadi nimalize maelezo yangu, kisha muamue wenyewe.

Wafanyabiashara wa vitu vya kale huko Ulaya na Marekani wana namna yao ya kuipima kofia ya kijeshi. Huangalia kama bitana ni ile ile ya kiwandani, kama mkanda wa ngozi wa ndani haujapasuka, kama ukanda wa kidevu upo, kama nembo haijawahi kubanduliwa, kama nondo hawajaitoboa. Kofia iliyotoka stoo ikalala kabatini miaka mia bila kuvaliwa ndiyo ya daraja la juu. Ile yenye jasho, viraka na jina lililoandikwa ndani mara nyingi hushushwa daraja. Kwa mtu anayetaka kujua kiwanda kilivyofanya kazi, kipimo hicho kina maana yake, na mimi nimejifunza mengi kutoka kwa wakusanyaji hao. Mtu aliyetoa fedha zake mfukoni huutazama mshono mmoja mmoja. Lakini kwetu sisi watu wa kusini kipimo hicho kimesimama kichwa chini miguu juu. Kofia isiyovaliwa haina la kutuambia juu ya Nachingwea wala Ruangwa. Iliyovaliwa, ikaloa, ikakauka, ikashonwa upya kwa uzi wa gunia, hiyo ndiyo shahidi wetu, na kila doa lililomo ni sehemu ya ushahidi wake.

Kwa nini wilaya hizi mbili? Kwa sababu vita vilipita hapa, na si mara moja.

Vita Kuu ya Kwanza ilianzia mbali na sisi mwaka 1914, huko Tanga na mpakani mwa Kenya. Mwaka 1917 ikatufikia na uzito wake wote. Julai 19 majeshi yalipambana Narung'ombe, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Ruangwa. Oktoba 10 Waingereza wakaingia Ruponda, hapa Nachingwea, wakakamata ghala kubwa la chakula cha Wajerumani, na chakula hicho hakikuwa kimetoka Ujerumani. Siku tano baadaye yakaanza mapigano ya Mahiwa, upande wa Lindi. Yalichukua siku nne, na upande wa Waingereza ukapoteza zaidi ya watu 2,000, waliouawa na waliojeruhiwa, wakiwemo Wanigeria wengi walioletwa kutoka ng'ambo ya pili ya bara hili. Novemba 25 kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, akauvuka Ruvuma pale Ngomano akiwa na Wajerumani kama 300 na askari Waafrika kama 1,700. Nyuma yake akawaachia watu wa huku njaa, kwa kuwa majeshi mawili yalikuwa yamekula kutoka mashamba yale yale.

Tuvitazame vichwa vilivyopita katika miezi hiyo minne. Askari wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani, alivaa tarbushi ya khaki: kitambaa cha pamba kilichovishwa juu ya fremu nyepesi iliyosukwa, kipande kingine kikining'inia nyuma kulinda shingo na jua, na mbele tai wa metali nyeupe, nembo ya Kaiser. Tarbushi hiyo ilikuwa imesafiri. Hermann von Wissmann alipounda jeshi lake mwaka 1889 ili kuwavunja watu wa pwani waliomfuata Abushiri, alikwenda kuajiri Wasudani mia kadhaa huko Misri, wanajeshi wazoefu ambao tarbushi kwao lilikuwa vazi la kawaida. Kizazi kimoja baadaye ilikuwa kichwani mwa Mnyamwezi, Msukuma na Mmanyema akikatiza mashamba ya Wamwera.

Ofisa wake Mjerumani alivaa helmeti, au pama ya kijivu ya sufu iliyokunjwa ukingo mmoja na kubanwa kwa nishani ya duara yenye nyeusi, nyeupe na nyekundu. Utepe wa pama za koloni hili ulikuwa mweupe. Wa Afrika ya Kusini-Magharibi, Namibia ya leo, ulikuwa buluu. Kwa tofauti hiyo ndogo mkusanyaji hujua pama ilitoka wapi, ila utepe hubadilishwa kirahisi, kwa hiyo mtazame na uzi ulioushona. Upande wa pili, askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, alivaa kofia fupi ya khaki, ya duara na bapa juu, nayo ikiwa na kitambaa cha shingo. Wahindi walikuja na vilemba vyao.

Ningependa tukae kidogo kwenye ile tarbushi ya khaki, maana hapo ndipo elimu ya hali ya kofia inapotufaa kweli. Manowari za Waingereza ziliifunga pwani yetu wakati wa vita. Meli mbili tu za shehena zilipenya: Rubens mwaka 1915, huko kaskazini karibu na Tanga, na Marie mwezi Machi 1916, iliyojificha katika ghuba ya Sudi, kusini mwa Lindi, na shehena yake ikasambazwa bara vichwani mwa watu. Baada ya hapo hakuna kilichofika. Nguo za jeshi zikaanza kutengenezwa humu humu nchini: pamba ikasokotwa, ikafumwa kwa mkono, ikatiwa rangi ya mimea mpaka ikakaribia khaki. Sasa shikeni kioo cha kukuzia. Khaki ya kiwandani ina mistari myembamba ya mshazari inayokwenda sawasawa kutoka upindo hadi upindo. Kitambaa cha mkono kina nyuzi zinazopishana wima na mlalo, huu mnene, huu mwembamba, na rangi imeshika kwa mabaka. Mnunuzi atakwambia hicho ni kitambaa duni, pengine ni kiraka cha baadaye, na bei itashuka. Mimi ningekipokea kwa mikono miwili. Kitambaa cha namna hiyo kwenye tarbushi ya kweli ya 1917 ni kazi ya wasokotaji na wafumaji wa nchi hii, watu ambao hawakutajwa katika ripoti yoyote ya ushindi. Ukikifua kwa sabuni ya mche na maji ya moto, rangi ya mimea inaweza kutoka, na ushahidi huo hautarudi.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba kofia zilihama vichwa. Kadiri vita vilivyorefuka, jeshi la Lettow-Vorbeck liliishi kwa vitu vya kuteka, bunduki na risasi, chakula na nguo. Kwa hiyo ukikuta kofia ya upande mmoja ina marekebisho ya upande wa pili, usikimbilie kusema imechezewa. Huenda imechezewa. Huenda pia ilitekwa. Mshono ndio utakaoamua, na uzi wa mwaka 1917 hauna nailoni.

Wengi kuliko wote waliopita hapa hawakuwa na kofia. Walikuwa wapagazi. Juu ya kichwa cha mpagazi palikuwa na kata, ile duara ya majani au ya kitambaa kilichosokotwa ambayo mama zetu bado wanaitumia kuchotea maji, na juu ya kata palikuwa na sanduku la risasi, gunia la unga au kipande cha mzinga. Sijaona mkusanyaji yeyote anayetafuta kata ya mwaka 1917, wala sijui kabati la makumbusho linaloionyesha, na jambo hilo linaniuma. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba angalau watu 116,000 waliokufa kwa sababu ya vita hivyo, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kwenye kofia ya jeshi utaona muhuri wa kiwanda na namba ya ukubwa. Ukubwa wa kichwa uliandikwa. Jina la mwenye kichwa, mara nyingi, halikuandikwa. Ndiyo maana jina linapokuwepo, hata kama limekwaruzwa kwa ncha ya kisu, thamani yake kwetu haina mfano.

Sasa tuitazame hii iliyopo mezani. Ni pama ya askari wa KAR wa Vita Kuu ya Pili, nimeazimwa na familia moja ya humu wilayani, na kwa ruhusa yao nitaizungusha mbele yenu bila kuwapa muishike, mtaelewa sababu. Watanganyika wengi walikwenda vita hivyo, Ethiopia kwanza, kisha Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw wakati wa masika ya mwaka 1944, kwenye tope na malaria. Pama iliwafaa kuliko tarbushi kwa sababu ukingo wake hukinga mvua na jua, na ukingo wa upande mmoja hubanwa juu ili bunduki isiugonge.

Angalieni kwanza nje. Sufu iliyogandamizwa, rangi imepauka zaidi upande wa kulia. Juu ya ukingo uliokunjwa kuna matundu mawili madogo, na kuyazunguka sufu imebaki na rangi yake ya asili, nyeusi kidogo, kwa umbo la nembo iliyokuwapo. Nembo imepotea lakini kivuli chake kimebaki. Mtu anayetaka kuiuza angetafuta nembo nyingine sokoni aibandike, na angekiharibu kivuli hiki ambacho ndicho cha kweli. Sasa ndani. Mkanda wa ngozi umekuwa mweusi na mgumu sehemu ya paji la uso, laini kidogo nyuma. Huo ni mpaka wa jasho. Chumvi ya jasho imetoka kama unga mweupe kwenye mishono. Ukiinua mkanda taratibu unaona mshale, alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na namba ya ukubwa, na chini ya hapo herufi tatu zimeandikwa kwa penseli ya wino, ile inayogeuka zambarau ikilowa. Imelowa, maana zambarau imesambaa. Ukingo wa nyuma umeshonwa kwa uzi mnene wa katani, mishono mikubwa ya mtu aliyezoea kushona magunia. Familia inasema ni mkono wa mke wake, aliyekuwa akiivaa kwenda shambani baada ya mume kufariki. Kwa hiyo kofia hii imevaliwa na vichwa viwili, na sioni sababu yoyote ya kuona nusu ya pili ya maisha yake ni uharibifu.

Hamuishiki kwa sababu mbili. Ya kwanza, mafuta ya vidole hubaki kwenye sufu na huwaita wadudu. Ya pili ni afya yenu. Kofia nyingi za zamani za manyoya yaliyogandamizwa zilitengenezwa kwa kutumia zebaki, na nyingi zilizopita mikononi mwa wauzaji na makumbusho zilinyunyiziwa aseniki au DDT kuua wadudu. Sumu hizo hazionekani kwa macho wala hazina tarehe ya mwisho. Shika kofia kwa mikono safi iliyovaa glavu, usiinuse, usimvishe mtoto kwa ajili ya picha, na ukimaliza nawa.

Turudi nyumbani kwenu, maana adui wa kofia zetu hawapo Ulaya. Wapo stoo. Wilaya hizi ni za korosho, na kila mwaka magunia ya salfa ya unga hukaa ndani ya nyumba yakisubiri ubwiriunga. Salfa hiyo hiyo inayookoa mikorosho inaiua kofia. Vumbi lake likitua kwenye shaba au fedha, metali hubadilika kuwa nyeusi. Likikutana na unyevu wa masika, polepole huzaa asidi inayokula ngozi na pamba mpaka vikatike kama biskuti. Nimeona ukanda wa kidevu uliokuwa mzima ukimeguka mkononi, na nembo iliyogeuka nyeusi kama mkaa, vyote kutoka kwenye sanduku lililowekwa juu ya magunia ya salfa. Kama mtaondoka na jambo moja la vitendo leo, basi liwe hili: kofia na salfa visilale nyumba moja.

Kuhusu dari la jiko, wazee wetu walikuwa na hekima. Mbegu za mahindi huwekwa juu ya moto kwa sababu moshi huwafukuza wadudu, na kofia zilizowekwa huko zimesalimika na nondo na mchwa kuliko zile za kabatini. Moshi una gharama yake: hukausha ngozi na kuacha masizi yenye asidi. Lakini kofia iliyokaa kwenye moshi miaka 70 na bado ipo imekwisha kuzoea hali yake, na kuishusha ghafla na kuifungia kwenye mfuko wa nailoni kutaiozesha ndani ya masika moja. Nailoni hufungia unyevu, na unyevu huleta ukungu. Ishusheni wakati wa kiangazi, ikae siku kadhaa kivulini penye hewa, kisha muiweke kwenye boksi la karatasi ngumu lililotandikwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila rangi na kusuuzwa vizuri. Ndani ya kofia jazeni kitambaa cha namna hiyo hiyo ili isibonyee. Magazeti msitumie, yana asidi na wino wake huhama. Boksi liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta wa udongo, na lifunguliwe mara moja kila mwezi wakati wa mvua. Mkikuta nondo, fungeni kofia vizuri ndani ya mifuko miwili na muombe nafasi kwenye friza la duka kwa wiki mbili. Hapo tu ndipo nailoni ina kazi. Ikitoka, iacheni ndani ya mifuko siku nzima kabla ya kufungua, isije ikatoa jasho.

Kutu ya kijani kwenye shaba iachwe, isipokuwa kama ni ya unga na inazidi kukua, hapo mtafute mtaalamu. Kusugua huondoa kutu, na huondoa pia alama za kiwanda na mikwaruzo yote ya matumizi. Gundi ya mpira ya fundi viatu ni janga. Nimeiona ikitumika kubandika helmeti zilizopasuka, na baada ya miaka michache hugeuka kahawia, hupenya kwenye kitambaa na haitoki tena.

Helmeti nitazipitia haraka, kwa kuwa chache zimebaki huku. Zilikuwa za aina mbili. Moja ilitengenezwa kwa gome jepesi la mwaloni wa Ureno na Hispania, nyingine kwa moyo wa sola, mmea wa mabwawani wa Bengal. Zote ni nyepesi ajabu, zote hupasuka zikidondoka, ila ya sola hunywa maji kuliko mwenzake na hupoteza umbo. Helmeti nyingi zinazopatikana Nachingwea si za vita. Zilikuja na Wazungu wa mradi wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kusimamishwa mwaka 1951, na wengi wa Wazungu hao walikuwa wanajeshi waliotoka tu vitani. Zina historia yake inayostahili mhadhara mwingine, lakini muuzaji akikuambia helmeti ya karanga ilikuwa Mahiwa, mkatalie kwa adabu. Na akikuletea kofia ya chuma akadai ilichimbuliwa Narung'ombe ya mwaka 1917, mkatalie bila kusita. Kofia za chuma zilibuniwa kwa ajili ya mahandaki ya Ulaya tangu 1915; porini kwetu watu walipigana wakiwa wamevaa tarbushi, pama, helmeti na vilemba.

Nimetaja kuchimba, niseme neno. Kwenye viwanja vya mapigano msichimbe. Mabomu ya karne iliyopita bado yanaua, na waliozikwa pale ni watu. Nembo inayookotwa shambani wakati wa kulima ni jambo jingine, na hapo nina manung'uniko makubwa na biashara ya vyuma chakavu. Tai wa tarbushi ana uzito mdogo mno. Kwenye mizani ya vyuma chakavu hanunui hata kiberiti, kisha anayeyushwa pamoja na bomba na betri. Kwa wakusanyaji wa Ulaya tai huyo huyo anatafutwa sana, kiasi kwamba wa bandia wamejaa sokoni. Sipendi njia yoyote kati ya hizo mbili, ya tanuru wala ya mkoba wa msafiri.

Mkoa wetu unajua maana ya kitu kuondoka. Kati ya mwaka 1909 na 1913 mifupa ya mijusi wakubwa wa Tendaguru, zaidi ya tani 200, ilibebwa vichwani hadi Lindi na kupelekwa Berlin, na yule mkubwa kuliko wote amesimama huko mpaka leo. Kofia haijazi ukumbi namna hiyo, inaingia kwenye begi la mkononi, ndiyo maana hakuna anayeiona ikipita. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeweka mpaka wa mwaka 1863: kilichotengenezwa na mikono ya watu kabla ya hapo kinalindwa moja kwa moja, na vya baadaye, mbali na baadhi vilivyotajwa, husubiri kutangazwa na Waziri. Tarbushi ya 1917 imeangukia upande wa pili wa mpaka huo. Naamini mpaka huo umepitwa na wakati. Karne iliyotuletea Maji Maji, vita viwili vikuu na ukombozi wa kusini mwa Afrika haiwezi kuendelea kuachwa nje ya mlango wa sheria, na ninyi mna wabunge na madiwani wa kuwaambia hivyo.

Ukombozi ndio unaonileta kwenye kofia changa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndizo zenye haraka kubwa. Mwaka 1965 FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilifungua hapa Nachingwea kambi yake kuu ya mafunzo. Samora Machel aliiongoza. Mwaka 1967 kikosi cha kwanza cha wasichana kilipewa mafunzo ya kijeshi hapa, na Josina, aliyekuja kuwa mkewe Samora, alikuwa miongoni mwao. Kwa miaka kumi, hadi uhuru wa Msumbiji Juni 25, 1975, vijana waliingia na kutoka katika kambi hiyo wakiwa na kofia za pamba zenye ukingo mfupi mbele. Zilikuwa kofia za kawaida, za kutumika hadi ziishe. Zilipewa rafiki, zikaachwa kwa mwenye nyumba, zikabadilishwa kwa kuku, zikavaliwa kwenye palizi. Kwa sababu zilikuwa nyingi na hazikuwa na nembo ya kung'aa, hakuna aliyezitunza, na leo kofia ya mpiganaji wa Nachingwea yenye historia inayojulikana huenda ni adimu kuliko tarbushi ya Mjerumani.

Najua kuna hofu, na ni ya haki. Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi, JWTZ, liliwapa raia siku saba kusalimisha sare za jeshi, na mtu mwenye akili hataki kukutwa na kofia ya kijeshi asiyoweza kuieleza. Sare ya JWTZ, ya zamani au ya sasa, si ya kukusanya; mwenye nayo aipeleke panapohusika. Kwa kofia ya babu ya KAR au ya mgeni wa FRELIMO, nendeni ofisi ya utamaduni ya wilaya mkiwa na mwenyekiti wa kijiji, mwieleze ni nini na ilifikaje kwenu, ili iandikwe. Na msiivae, hata kwa utani wa harusini. Mkitaka itunzwe mahali penye wataalamu, Makumbusho ya Taifa yapo Dar es Salaam, na huku kusini yapo ya Majimaji, Songea. Mkitaka ibaki ukoo, ibaki. Sitamshawishi mtu yeyote atoe kitu cha babu yake.

Ila kuna kazi ambayo si ya makumbusho. Kofia haijui kujieleza, na waliowaona wapiganaji wale wakipita, waliowapikia na kuwauzia mihogo, sasa wana miaka 70 na zaidi. Nyinyi vijana wa sekondari mna simu na mna daftari. Kaeni na bibi, mumuulize kofia ilikuwa ya nani, ilifika mwaka gani au msimu gani, aliyeivaa alitoka wapi, nani aliishona hapa ilipochanika, ililala wapi miaka yote, na ni nani mwingine aliyeivaa. Aseme kwa Kimwera au Kimakua kama ndivyo anavyokumbuka, nanyi mwandike hivyo hivyo alivyosema. Pigeni picha nje, ndani, na chini ya mkanda wa ngozi, rula ikiwa kando. Andikeni kwa penseli, siyo kwa kalamu ya wino, na karatasi hiyo iwekwe ndani ya bahasha, juu ya boksi.